Seli zinavyotumiana meseji, kuanzia tumboni mpaka kansa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota sehemu tatu. Kwa wanafunzi wangu wa tuisheni wa Form Five na Six hapa Tandika, kwa watu wanaojua nafundisha baiolojia wakanikamata msibani au kwenye foleni ya mwendokasi, na kwa mke wangu ambaye ni nesi wa kliniki ya wajawazito na kila jioni anarudi na swali jipya. Nimepanga toka mepesi mpaka yale ya kona kona. Ukiona nimeandika "angalia swali la 6" basi nenda huko, sirudii. Na mimi sio daktari, naeleza tu mambo yanavyofanya kazi, dawa utaandikiwa na anayekuona.

## Mwanzo mwanzo

1. Hivi seli zinaongea kweli au ndo lugha ya walimu?

Zinaongea, ila hazina mdomo. Seli moja inatoa kemikali, kemikali inasafiri, seli nyingine ikiipata inabadilisha kile ilichokuwa inafanya.

Mfano wa mtaani: unavuka barabara pale Mwenge, bodaboda anatokea upande usioutegemea anakukosa kwa kidole. Kabla hujamtukana, moyo tayari unadunda na mikono inatetemeka. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu, moyo ukasikia "piga haraka", misuli ya njia za hewa ikasikia "legea", ini likasikia "toa sukari". Kemikali ni moja, waliosikia ndo kila mtu kaelewa lake. Shika hapo, maana karibu kila jibu huko chini linarudi hapo.

Meseji zingine zinasafiri mbali kwa damu, hizo ndo homoni. Zingine zinaishia kwa jirani, na zingine hazitoki kabisa mpaka seli mbili zigusane. Mtoto tumboni anajengwa zaidi na hizo za ujirani.

2. Kipokezi ni nini, na kwa nini seli hii inasikia na ile haisikii?

Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Kemikali yake ikija inakaa kwenye kichwa, kipokezi kinajikunja kidogo, mkia wa ndani unajua kuna kitu. Seli isiyo na kipokezi hicho haisikii hata uimwagie ndoo nzima.

Kuna meseji ambazo hazigongi mlango. Estrojeni, testosteroni, kotisoli na jamaa zake zina asili ya mafuta kwa hiyo zinapenya utando na kukuta kipokezi ndani, na zikishika kipokezi wanaenda pamoja mpaka kwenye jeni. Ikumbuke hii tukifika kwenye mkorogo, swali la 16.

3. Meseji ikishafika mlangoni nani anaipeleka ndani?

Kupokezana vijiti. Kipokezi kinaishtua protini ya kwanza, hiyo inaishtua ya pili, ya pili ya tatu, mpaka inafika kwenye kiini na jeni fulani inawashwa au kuzimwa. Wengi kwenye huo mnyororo ni vimeng'enya vinaitwa kinasi, kazi yao kumbandikia mwenzao fosfeti, na mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500. Watu wanauliza kwa nini mlolongo mrefu hivyo, si ingepita moja kwa moja? Faida ni mbili: kila hatua mmoja anaweza kushtua wengi kwa hiyo sauti ndogo inakuwa kubwa, alafu kila hatua unaweza kuweka breki.

Chukua mwenye pumu anavuta pampu yake ya bluu, salbutamoli. Dawa inakaa kwenye vipokezi vya adrenalini vya misuli ya njia za hewa, kipokezi kinaiwasha protini G, protini G inawasha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP, meseji ndogo ya ndani ya seli, na saikliki AMP ikijaa misuli inalegea na mtu anapumua. Alfred Gilman na Martin Rodbell walipewa Nobel 1994 kwa kuzigundua protini G. Cha kuangalia sana ni kwamba protini G ina saa yake ndani, ikiwashwa inajizima yenyewe baada ya muda mfupi. Bila hiyo saa tungekuwa na balaa, na hilo balaa lipo, angalia swali la 10.

4. Kwa nini hizi njia za meseji zina majina ya ajabu ajabu?

Lawama kwa inzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Miaka ya sabini mwishoni Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikaa Heidelberg, Ujerumani, wakiharibu jeni za inzi moja baada ya nyingine na kuangalia funza anatoka vipi. Mmoja akatoka kafupi, kamejaa vimiba mwili mzima kama kalunguyeye, jeni wakaiita hejihogi, yaani kalunguyeye kwa Kiingereza. Ripoti ilitoka 1980, Nobel ikaja 1995. Wengine walipoitafuta kwa wanyama wenye uti wa mgongo wakakuta ziko tatu, moja wakaipa jina la yule kalunguyeye wa kwenye gemu ya vidio, soniki hejihogi. Utani mzuri ukiwa maabara, sio mzuri ukiwa mzazi unaelezewa na daktari kwamba hiyo ndo jeni iliyomharibikia mwanao.

Kuna njia nyingine inaitwa Winti, nusu ya jina lake limetoka kwa inzi asiye na mbawa. Njia ya Notchi jina lake limetoka kwa inzi mwenye pengo kwenye bawa. Ukiongeza BMP na ndugu zake, pamoja na FGF, ambazo nazo ni protini za kutuma meseji, umeshataja sehemu kubwa ya lugha inayomjenga mnyama. Ni chache mno ukilinganisha na kazi yenyewe, ndo maana neno moja linatumika ubongoni, kidoleni, na kwenye utumbo, kila mahali kwa maana yake.

## Tumboni kwa mama

5. Wote tumetoka seli moja, sasa seli inajuaje iwe jicho na nyingine iwe kisigino?

Unarudi mtaani siku ya shughuli, kuna mtu anapika pilau. Mwanzo wa uchochoro harufu unaisikia kwa mbali, katikati unajua hili ni la nyama, mlangoni mate yanakutoka. Ukifumba macho ungeweza kusema uko umbali gani na sufuria. Seli za kiinitete, yaani mtoto akiwa mwanzo kabisa tumboni, zinafanya hivyohivyo: kundi fulani linatoa kemikali, walio karibu wanapata nyingi, wa katikati kiasi, wa mbali kidogo, na kila kiwango kinawasha jeni tofauti. Lewis Wolpert alilieleza wazo hili 1969 kwa kutumia bendera ya Ufaransa, kwamba kemikali ni moja ila nyingi inatoa bluu, ya kati nyeupe, kidogo nyekundu.

Kuna kitu wanafunzi wanasahau. Seli inasoma wingi, na inasoma muda pia, na inakumbuka ilishaambiwa nini jana. Ikishakuwa ya mguu, ukiiletea meseji ileile iliyotengeneza mkono itatengeneza kitu cha mguu.

6. Vidole vya kuku vimeachana, vya bata vina ngozi katikati. Nani kaamua?

Hili swali nalipenda kuliko yote. Kila mwaka naingia darasani na mfuko una mguu wa kuku kutoka kwa mama anayekaanga pale kituoni, ila mbichi, na mguu wa bata wa jirani yangu anayefuga. Tunavitandaza mezani, kila mtu anavuta vidole. Wa kuku vinaachana mpaka chini, wa bata kuna ngozi laini inatanuka kama mwavuli. Huwa nawaambia hawa wawili walianza sawasawa.

Ndani ya yai, mguu unaanza kama kasia dogo, bapa, halina vidole, na ngozi imejaa katikati kwa kuku na kwa bata, hata kwako wewe ulipokuwa na wiki sita tumboni. Alafu seli zilizo kati ya vidole zinatumiwa meseji ya BMP, na sehemu hiyo BMP maana yake ni "jiueni". Zinajikatakata kwa utaratibu, jirani zinameza mabaki, hamna usaha wala kidonda. Vidole ndo vinaachana hivyo, havichipui kama matawi watu wanavyodhani.

Bata naye ana BMP, tena ya kutosha. Ila seli za katikati ya vidole vyake zinatoa protini nyingine inaitwa gremlini ambayo inaikamata BMP kabla haijafika kwenye kipokezi. Meseji imetumwa, haijafika, ngozi imebaki. Watafiti waliweka kizuizi cha BMP kwenye mguu wa kifaranga kilichoko ndani ya yai na kuku akabaki na ngozi katikati ya vidole kama bata.

Mguu wa kuku huwa haurudi nyumbani, kuna mtu anaukaanga.

7. Mtoto wangu kazaliwa na kidole cha sita, kuna kitu nilikosea?

Hapana. Kwa watu wenye asili ya Afrika kidole cha ziada upande wa kidole kidogo ni kitu cha kawaida kabisa, mara nyingi kinatembea ndani ya ukoo, ulizia mashangazi utakuta kuna aliyefungwa uzi utotoni.

Namba na mpangilio wa vidole unatoka kwa soniki hejihogi inayotolewa na seli chache upande wa kidole kidogo, kwa ile njia ya harufu ya pilau. Mwaka 1968 John Saunders na Mary Gasseling walichukua kipande cha nyuma cha bawa changa la kifaranga wakakipandikiza mbele ya bawa la mwingine, na bawa likaota vidole pande mbili kama vinajitazama kwenye kioo. Sufuria mbili uchochoro mmoja. Kwa binadamu hitilafu ndogo kwenye wasomaji wa hiyo meseji inatosha kuongeza kidole. Kuhusu kufunga uzi: mke wangu anasema muulize daktari kwanza, kwa sababu kama kidole kina mfupa uzi unaacha kidonda na kinaweza kuoza.

8. Ile picha ya mbuzi mwenye jicho moja katikati ya uso ni ya kutengeneza au ni uchawi?

Picha inazunguka kwenye magrupu kila mwaka na kila mwaka inakuja na kijiji kipya. Sijui kuhusu hiyo picha yako, ila hali yenyewe ipo, inatokea kwa mbuzi, kondoo, nguruwe na hata binadamu, ingawa anayezaliwa hivyo haishi muda.

Mwanzoni kiinitete kina uwanja mmoja tu wa macho. Soniki hejihogi inayotoka katikati chini ya ubongo ndo inaugawa pande mbili. Ikikosekana uwanja haugawanyiki na unapata jicho moja. Miaka ya hamsini wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wanapata wanakondoo wa namna hii wengi mpaka wakaomba msaada, na uchunguzi ukaja kuonyesha majike wanakula mmea wa porini wa huko unaoitwa Veratrum californicum, na hatari yenyewe ilikuwa siku moja, siku ya 14 ya mimba. Kemikali ya mmea ikapewa jina siklopamini, kutokana na yule jitu la hadithi za Wagiriki mwenye jicho moja. Miaka mingi baadae ndo ikajulikana inaziba njia ya hejihogi.

Sasa sikiliza sehemu tamu. Kansa moja ya ngozi, ile inayoanzia seli za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, inatokea njia hiyohiyo ikibaki imewaka kwa mtu mzima. Watu wakajiuliza, kama siklopamini inaizima kwa kondoo si tutafute inayofanana nayo? Ikatoka dawa ya vismodegibu, ikaidhinishwa Marekani 2012. Na mjamzito haruhusiwi kuisogelea, sababu umeshaijua.

9. Kwa nini mnasisitiza sana miezi mitatu ya kwanza, na vile vidonge vya fefo vinaingiaje hapa?

Kwa sababu ndo muda ambao meseji za ujenzi zinapishana kila siku. Mrija wa neva, yaani ule mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, unajifunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Siku ya 28 wengi ndo kwanza wanahesabu tarehe. Usipojifunga chini mtoto anakuwa na mgongo wazi. Fefo ni madini chuma pamoja na foliki asidi. Foliki asidi yenyewe sio meseji, ni malighafi ya kutengenezea DNA, ila seli zikiikosa haziwezi kugawanyika kwa kasi zinayoamriwa. Ndo maana inashauriwa mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya kushika mimba. Ukianza kliniki mwezi wa nne fefo bado inakusaidia damu, tena sana, ila mrija ulishafunga au ulishashindwa zamani.

Dawa nazo ni hivyohivyo, tarehe ndo kila kitu. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, na mpaka inaondolewa sokoni huko Novemba 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi mikono imeishia begani. Waliokunywa mikono ya mtoto ikiwa imeshajengwa hawakupata hilo tatizo. Kwa hiyo ukiwa na mimba, au unajihisi, dada yangu usiende duka la dawa ukasema "nipe ya kichwa" bila kusema hali yako.

## Magonjwa

10. Kipindupindu si mdudu wa majini? Kinaingiaje kwenye mambo ya meseji?

Mdudu ni bakteria, kweli, ila bakteria hamli mtu wala haingii ndani ya seli za utumbo. Anakaa juu yake na kutoa sumu, na sumu ndo inaingia kuchezea meseji.

Rudi swali la 3, protini G ina saa ya kujizima. Sumu ya kipindupindu inabandika kitu kwenye protini G na kuivunja hiyo saa. Swichi imewaka, haizimiki. Saikliki AMP inajaa, mifereji ya kloraidi inafunguka, chumvi inamwagikia kwenye utumbo na maji yanaifuata chumvi. Mtu aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, kile choo cha maji ya mchele. Seli hazijafa, zinatii amri ambayo haijatumwa na mtu yeyote. Na hiyo saikliki AMP ndo ileile iliyomfungulia pumzi mwenye pumu!

Waliokuwa Dar 2015, ule mlipuko ulioanza Agosti, wanakumbuka. Kilichookoa watu ni dripu na pakti za ORS. ORS inafanya kazi kwa sababu kuna mlango mwingine kwenye utumbo ambao sumu haiugusi, unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, mmoja hapiti bila mwenzake, na maji yanawafuata. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi na sukari peke yake haitoshi. Kama pakti hamna, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, alafu kimbia kituo cha afya. Soda sio mbadala, sukari imezidi na inavuta maji zaidi.

11. Wote tuna sukari, mbona mimi nachoma sindano na mwenzangu anameza vidonge?

Kwa sababu mmoja meseji haitumwi na mwingine haisikiki. Insulini ni meseji kutoka kongosho inayoiambia misuli na mafuta "fungueni milango, glukosi ipite", na milango yenyewe huwa imehifadhiwa ndani ya seli, insulini ikigonga ndo inapandishwa juu. Kisukari aina ya kwanza: kinga ya mwili imeua seli zinazotengeneza insulini, hakuna wa kutuma, lazima uletewe toka nje. Kabla ya kazi ya Toronto ya 1921 na sindano ya kwanza kwa mgonjwa Januari 1922, mtoto mwenye aina hii alikuwa anakufa tu. Aina ya pili: insulini ipo, mara nyingi hata nyingi, ila seli zimekuwa ngumu za kusikia, kongosho linapaza sauti miaka mpaka linachoka, ndo maana wengine wa vidonge wanaishia kwenye sindano na sio kwamba dawa "zimewazoea".

Kwa nini sindano na sio kidonge? Insulini ni protini, ukiimeza tumbo linaiona kama nyama.

Na kutembea sio porojo za kliniki. Msuli unaofanya kazi unapandisha milango ya glukosi kwa njia yake mwenyewe, bila kusubiri insulini. Kushuka kituo kimoja kabla ya kwako kuna maana.

12. Kwa nini jeni zinazomjenga mtoto ndo hizohizo zinaleta kansa?

Hapa ndo kiini cha ukurasa mzima. Kujenga mtoto kunahitaji seli zigawanyike kwa wingi, zihame, zivute mishipa ya damu, na zikae bila kufa mpaka ziambiwe. Sasa soma hiyo orodha tena ukifikiria uvimbe. Kansa haikubuni neno jipya, imewasha amri za zamani wakati na mahali zisipotakiwa.

Winti: kwa mtu mzima inahitajika kidogo chini ya vikunjo vya utumbo mpana kuongeza seli mpya kila siku. Breki yake ni protini inayoitwa APC, na kansa nyingi za utumbo mpana zinaanza breki hiyo ikikatika. Notchi ikikwama imewaka inachangia aina ya kansa ya damu kwa watoto. MYC, jeni ya mwisho wa mnyororo inayosema "gawanyika", ikihamishwa na kuwekwa jirani na jeni za kingamwili inapigwa kelele muda wote, unapata ile kansa ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa Kampala. Hejihogi tumeshaiona, swali la 8.

Virusi nao wanajua breki ziko wapi. HPV ya mlango wa kizazi ina protini mbili, moja inaharibu p53 na nyingine inamfunga RB, hao wawili ndo breki kuu za kugawanyika. Chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana inamzuia kirusi asiingie, haiwezi kurudisha breki zilizokwisha kukatwa, ndo maana wanachanjwa wakiwa wadogo.

13. Dada yangu ana kansa ya titi, kaambiwa apime HER2. Ni kitu gani?

Ni kipokezi cha kukua, cha kawaida, kila mtu anacho. Kwenye kansa ya titi kama moja kati ya tano au sita, jeni yake imejikopi mara nyingi na seli imejaa HER2 mpaka vinashtuana vyenyewe bila meseji kuja. Kuna dawa, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani 1998, inayokaa juu ya HER2. Kama kipimo kinasema hamna, dawa hiyo haina pa kukaa. Wanapima pia vipokezi vya estrojeni na projesteroni kwa sababu hiyohiyo. Ukisikia "tatu hasi" maana yake vyote vitatu havijaonekana, aina hiyo inaonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika na matibabu yake yanategemea zaidi kemo.

Kwa hiyo usione daktari anachelewesha, kipimo kinachagua dawa.

14. Dawa ya kansa ilifanya kazi vizuri alafu ikaacha, je ni feki?

Inawezekana ila mara nyingi ni mnyororo. Umeziba kipokezi mlangoni, kansa ikapata hitilafu hatua mbili mbele, tuseme kwenye KRAS, protini mojawapo ya mnyororo, sasa mlango hauna kazi. Ndo maana baadhi ya dawa za kansa ya utumbo mpana hawakupi mpaka wapime KRAS kwanza. Upande wa furaha ni imatinibu, 2001, kwa kansa ya damu inayosababishwa na kinasi moja iliyounganika vibaya. Hapo adui ni mmoja na anajulikana, watu wanaishi miaka na kidonge cha kila siku, mradi wasiruke siku.

## Kona kona

15. Mtu mwenye ualbino, meseji zake zina shida?

Kwa kawaida hapana. Jua likipiga, seli za juu za ngozi zinatuma meseji kwa seli za rangi, vipokezi vinasikia, saikliki AMP hiyo tena, amri ya kutengeneza melanini inatoka. Kwenye ualbino amri imefika ila kiwandani mashine haipo, kwetu Tanzania mara nyingi jeni iliyoharibika inaitwa OCA2. Naliweka swali hili kwa makusudi kwa sababu wanafunzi wakishajifunza meseji wanataka kila ugonjwa wa kurithi uwe wa meseji. Kinga ya kweli ni kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua, maana bila melanini DNA ya ngozi inaumia na kansa ya ngozi inakuja mapema.

16. Mkorogo unafanyaje kazi mpaka ngozi inakuwa kama karatasi?

Inategemea wamekorogea nini. Mwingi una steroidi kali, na steroidi inapenya hadi ndani (swali la 2), inashika kipokezi cha kotisoli na kuzima jeni nyingi kwa mpigo, zikiwemo za kutengeneza kolajeni. Ngozi inanyooka na kung'aa wiki za mwanzo kwa sababu uvimbe wote mdogo mdogo umezimwa, alafu inakonda, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, fangasi wanapata uwanja. Ukipaka mwili mzima muda mrefu ubongo unaona kama kotisoli imejaa, unaacha kuziamuru tezi za juu ya figo, nazo zinalala. Ndo maana kuacha ghafla kunaweza kukuangusha kabisa, nenda kwa daktari wa ngozi akushushe taratibu. Wenye zebaki ni habari nyingine, zebaki inaumiza figo na inavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto.

17. Baba mrefu mama mrefu, mtoto kazaliwa wa kimo kifupi. Watu wanasema si wa baba.

Watu waache kuongea. Aina inayoonekana zaidi, akondroplasia, inatokana na herufi moja kubadilika kwenye jeni ya FGFR3, kipokezi kimojawapo cha FGF, na kama asilimia 80 ya watoto wanazaliwa na wazazi wa urefu wa kawaida kabisa, badiliko limetokea jipya kwenye mbegu ya baba, na uwezekano unapanda kadri umri wa baba unavyopanda.

Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba kipokezi hiki hakijafa, kimewaka kupita kiasi. Kwenye mfupa unaokua FGFR3 ni breki. Breki ikibanwa muda wote mifupa mirefu haiendi. Ndo maana ukisikia "jeni imeongezeka nguvu" usikimbilie kusema kitu kitakuwa kikubwa.

18. Kuna vidonge vya seli shina vinauzwa, vinatibu sukari, presha na uzazi. Ni kweli?

Mama yangu mdogo aliuziwa kopo moja kwenye semina hotelini, na chai ya bure, kwa hela ambayo angelipa nayo kodi ya chumba miezi miwili. Nikalisoma kopo: mimea iliyokaushwa na poda ya kondoo.

Seli shina ni seli hai ambayo bado haijaamua itakuwa nini, na inachoamua kinategemea meseji za pale ilipo. Ikikaushwa imekufa. Na hata ungemeza hai ingeyeyushwa kama supu ya kongoro, yaleyale ya insulini swali la 11. Seli shina zinazotibu kweli zipo, kupandikiza uloto kwa mfano, ila hiyo ni hospitali, mishipa, na wiki nyingi za kulazwa. Haiuzwi na mtu anayekwambia ulete wenzako watatu ili upate kamisheni.

19. Rudi kwenye bata: binadamu anaweza kuzaliwa na vidole vilivyoungana na ngozi?

Ndio, ni amri ya swali la 6 ambayo haikukamilika sehemu moja, mara nyingi kidole cha pili na cha tatu cha mguu, wengi hata hawajui wanacho mpaka wakae wakiangalia miguu yao. Ya mkononi inafanyiwa upasuaji utotoni.

Na kuna mnyama aliyegeuza hilo kosa kuwa maisha. Popo, wale wanaogombania mikungu usiku na kuangusha kokwa kwenye mabati. Bawa lake ni mkono, vidole virefu vinne na ngozi katikati, na ngozi imebaki kwa sababu gremlini ipo hapo kama kwa bata, pamoja na meseji nyingine ya FGF inayoziambia seli ziendelee kuishi. Miguu yake ya nyuma haina gremlini hiyo, vidole vimeachana kama vya kuku, anavitumia kuning'inia.